Anayefuata nakala ya talaka mahakamani ajue kwanza anataka karatasi gani

Mhariri,

Wengi wanaotoka mikono mitupu kwenye masijala za Mahakama za Mwanzo hawakunyimwa nakala. Waliomba "talaka yangu", na ndani ya jalada hakuna karatasi moja inayobeba kila kitu kwa jina hilo. Karani huwapa iliyo karibu, kwa kawaida hukumu, nao wakiifikisha kwa msajili wa ndoa au benki wanaambiwa haitoshi. Nauli imekwenda, siku ya kazi imekwenda, na foleni inaanza upya. Naomba nafasi nieleze jambo hili kwa upande wa Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina Mahakama za Kadhi na taratibu zake.

Hukumu ni maelezo ya hakimu: nani alidai nini, ushahidi ulisemaje, na kwa nini ndoa imeonekana kuvunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishika. Humo ndimo mnamokuwa uamuzi kuhusu watoto, matunzo na mgawanyo wa mali. Amri ya talaka, ambayo wengi huiita dikrii, ni karatasi fupi inayotamka tu kwamba ndoa ya fulani na fulani imevunjwa tarehe fulani. Mwenendo wa shauri ni kumbukumbu ya yote yaliyosemwa tangu siku ya kwanza. Unaweza kuwa na kurasa nyingi na anayeuhitaji hasa ni mwenye rufaa. Anayetaka kufunga ndoa nyingine aombe hukumu pamoja na amri ya talaka. Anayedai sehemu ya nyumba au kiwanja asiende na amri peke yake, maana mara nyingi amri hiyo haisemi lolote kuhusu mali.

Kosa linaloumiza zaidi ni la wenye cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa wanaodhani wameshaachana. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, cheti hicho kinasema tu kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Ni tiketi ya kuingilia mahakamani, tena ina muda: ombi la talaka lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu cheti kitolewe. Asiyefungua shauri bado ni mke au mume wa mtu hata kama wametengana miaka kumi, na jalada analolitafuta mahakamani halijawahi kuwapo.

Kwa Waislamu mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Mume ametamka talaka, ameandika karatasi mbele ya mashahidi, pengine sheikh ameigonga muhuri. Kidini watajua wenyewe na masheikh wao. Kisheria, upande wa Bara, sharti wapitie barazani, kisha mahakama ipelekewe cheti cha baraza na uthibitisho wa kitendo cha talaka kilichofanyika baada ya cheti hicho, ndipo itoe amri. Mjane anaweza kujikuta kwenye shauri la mirathi akibishana na mke wa pili kuhusu talaka ambayo hakuna mahakama iliyowahi kuiandika. Hakuna nakala ya kuomba hapo.

Ikiwa shauri lilikuwapo kweli, swali la kwanza ni lilikuwa mahakama ipi. Talaka hutolewa na Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, na huenda mbili kati ya hizo zikawa kwenye uwanja mmoja zikiwa na masijala tofauti. Kusema "pale mahakamani mjini" hakumsaidii karani. Anachohitaji ni namba ya shauri na mwaka, kwa mfano Shauri la Ndoa Na. 14 la 2016. Angalia hati ya wito, stakabadhi ya ada ya kufungulia shauri, au barua yoyote ya mahakama, namba imo. Ukiikosa kabisa, peleka majina kamili ya wote wawili kama yalivyoandikwa siku ile na mwaka wa hukumu, rejista ipekuliwe. Na usikubali haraka jibu la "halipo" kabla hujaomba rejista ya mashauri ya madai nayo iangaliwe. Zipo Mahakama za Mwanzo zilizosajili talaka kama shauri la madai la kawaida, na anayepekua rejista ya ndoa peke yake hataliona hata akikesha.

Maombi yawe ya maandishi. Barua ya nusu ukurasa inatosha, kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa mahakama hiyo: namba ya shauri, majina ya wadaawa (pande mbili za shauri), tarehe ya hukumu, wewe ni nani katika shauri hilo, unataka nyaraka zipi na nakala ngapi. Andika "nakala zilizothibitishwa", maana fotokopi tupu haikufikishi popote. Omba tatu kwa mkupuo. Moja itabaki kwa msajili, moja utaitumia, moja uifungie sandukuni. Ambatisha nakala ya kitambulisho na uache namba ya simu. Barua ichapwe mbili. Moja wapokee, nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, ukienda baada ya wiki tatu unaanza upya, hasa karani akiwa amehamishwa.

Malipo, pale yanapotakiwa, hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Pesa ya mkononi ya "kuharakisha" haina stakabadhi wala haikupi haki yoyote. Ukiombwa, uliza kwa upole namba ya malipo iko wapi, au mwone Hakimu Mfawidhi.

Mwenye nia ya kukata rufaa ana hatari ya peke yake. Asihesabu siku kuanzia alipokabidhiwa nakala. Rufaa ya shauri la ndoa kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, nazo zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Aombe nakala siku ile ile hukumu inaposomwa, kisha afuatilie kila wiki.

Nakala zikitoka, usiziweke kwenye bahasha kabla hujazisoma ukiwa hapo hapo dirishani. Tazama kama kila ukurasa upo, kama kuna muhuri wa mahakama, sahihi na maneno ya kuthibitisha kuwa ni nakala halisi, kama tarehe ya hukumu inalingana na ya kwenye amri. Kisha majina, herufi kwa herufi, na cheti cha ndoa mkononi. "Mwanahamisi" likiwa "Mwanaamisi" litakusumbua kwa msajili, kwenye hati ya kiwanja na kwenye pasipoti. Kosa la uandishi la mahakama huombewa marekebisho kwa barua kwenye mahakama ile ile. Kama wewe ndiye uliyetumia jina tofauti wakati wa shauri, dawa yake ni kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo.

Kuna pia majalada yasiyoonekana. Sababu ya kwanza ya kuuliza ni rufaa: mmoja akikata rufaa, jalada la awali huitwa na mahakama ya juu, na huweza kubaki huko muda mrefu baada ya rufaa kwisha. Fuata namba ya rufaa huko juu. La zamani sana huenda liko kwenye stoo ya kumbukumbu, kwa hiyo omba litafutwe na upewe siku ya kurudi. Likiwa limepotea kweli, omba jibu la maandishi, halafu mwulize mwenzako wa zamani na wakili aliyehusika kama wana nakala zozote. Hizo ndizo mahakama itakazozitegemea kuunda jalada upya. Hukumu za Mahakama Kuu na ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na zinakusaidia kupata namba. Kuichapa tu hakuifanyi kuwa nakala iliyothibitishwa.

Asiyekuwa mdaawa, kama mtoto anayehitaji kumbukumbu za talaka ya marehemu baba yake, aeleze kwenye barua maslahi yake na aambatishe cheti cha kuzaliwa na cha kifo. Aliye mbali amtume ndugu kwa barua yenye sahihi na nakala za vitambulisho vya wote wawili. Anayepeleka hati nje ya nchi akumbuke kwamba hukumu ya Mahakama ya Mwanzo imeandikwa kwa Kiswahili; Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hutafsiri nyaraka kama hizi na kuzithibitisha.

Safari haiishii mahakamani. Talaka husajiliwa kwa Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka, yaani RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Usidhani mahakama imeshakumalizia. Nenda na nakala zilizothibitishwa na cheti cha ndoa, uulize kama imesajiliwa, na kama bado uisajili. Kufanya hivyo mapema ni rahisi kuliko kusubiri ndoa mpya itangazwe. Tangazo la nia ya kuoana hutolewa siku 21 kabla, na siku hizo hazitoshi kutafuta jalada lililoko mahakama ya juu mkoa mwingine.

Kwa mahakimu na makarani nina ombi moja. Siku hukumu ya talaka inaposomwa, wadaawa wote wawili wako mbele yenu na jalada liko mezani. Waambieni kabla hawajatoka kwamba kuna hukumu na kuna amri, na wapeni hapo hapo karatasi ya kuombea nakala wajaze namba ya shauri ingali mdomoni. Mfano wa barua hiyo ubandikwe pia kwenye ubao wa matangazo, karibu na orodha ya mashauri ya siku.

Msaidizi wa kisheria,
Dodoma