Kabla Hujalipia Meli ya Kitalii, Tuonyeshe Pasipoti

Mteja akija ofisini kwetu kuulizia safari ya meli ya kitalii, mara nyingi huwa na picha kwenye simu: meli nyeupe yenye urefu wa mtaa mzima, bwawa la kuogelea juu, na pembeni bei, tuseme dola 600 kwa siku saba za kuzunguka Mediterania. Anataka kujua kama bei hiyo ni ya kweli. Ni ya kweli kwa kiasi chake, tutaifikia. Swali letu la kwanza huwa jingine: unasafiria pasipoti ya wapi, na ndani yake mna viza gani?

Hatuulizi kwa umbea. Meli hizi hulala nchi moja zikaamkia nyingine, na kila bandari ina uhamiaji wake. Matangazo yake yameandikwa kwa Mmarekani au Mjerumani, mtu ambaye katika bandari nyingi anashuka na kofia yake ya jua bila kuulizwa kitu. Mtanzania akilifuata tangazo hilohilo anaweza kukwama kabla hata hajaiona meli.

Chukua njia moja maarufu ya Mediterania ya magharibi: unapandia Genoa, kisha Marseille, Barcelona, Tunis, Palermo, Napoli, unarudi Genoa. Italia, Ufaransa na Hispania zote zimo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, hivyo viza moja inazimaliza. Tunisia haimo. Meli ikishaondoka Barcelona kuelekea Tunis umetoka Schengen, na ukifika Palermo unaingia upya. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha kazi na bado uko baharini. Wapo wanaotuambia, “Basi siku ya Tunis sitashuka.” Haisaidii. Wakaguzi wa gatini Genoa huangalia karatasi zako kwa njia nzima, na wakiona pengo wanaweza kukuzuia kupanda. Nauli katika hali hiyo kwa kawaida hairudi.

Jambo hilohilo lipo kwenye njia za Ugiriki zinazopitia Uturuki, na kwenye zile za Ghuba: ukipandia Dubai, ukaenda Muscat nchini Oman, ukarudi Dubai, umeingia Falme za Kiarabu mara mbili. Kwa hiyo sisi tunaanza na ratiba ya bandari, tunaisoma kwa jicho la afisa uhamiaji, ndipo tunazungumza kuhusu chumba.

Maombi ya Schengen hupelekwa ubalozi wa nchi utakayokaa zaidi. Siku zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Kwa njia ya hapo juu ni Italia. Kwenye fomu omba wazi kuingia mara nyingi, na ambatanisha ratiba ya meli ili sababu ionekane. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi. Maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Usingoje mwezi wa mwisho, na tafuta nafasi ambayo malipo yake ya awali yanaweza kurudishwa viza ikikataliwa. Zipo, ila mara nyingi si zile za bei ya chini kabisa.

Anayeuona mlolongo huo ni mrefu tunamwelekeza Durban. Msimu wa joto wa kusini, kuanzia Novemba hivi, kampuni ya meli za kitalii ya MSC imekuwa ikiweka meli pale kwa safari fupi za kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Mtanzania na Mkenya wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi mafupi. Kwa anayeanza naipenda zaidi kuliko Mediterania: siku tatu au nne zinatosha kujua kama maisha ya melini yanakufaa, na kama hayakufai hujapoteza akiba ya mwaka.

Sasa ile dola 600. Ni ya mtu mmoja anayelala chumba cha watu wawili. Ukienda peke yako unaweza kutozwa karibu mara mbili. Juu yake kuna bahashishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huikata zenyewe kwenye akaunti yako kila siku, mara nyingi kati ya dola 12 na 20 kwa mtu. Mke na mume, siku saba, kwa dola 16: hiyo ni dola 224 ambazo tangazo halikuzitaja kwa herufi kubwa. Chakula cha kawaida kimo kwenye nauli. Soda, intaneti na matembezi ya bandarini kwa kawaida havimo, na tiketi ya ndege ya kufika bandarini ni yako mwenyewe.

Melini hulipi kwa pesa taslimu. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba, na siku ya kwanza unaiunganisha na kadi ya benki. Hapa wateja wetu huumia. Wengi tuna kadi inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti, na meli huweza kuzuia kiasi fulani kila siku kama dhamana. Safari ikiisha, fedha iliyozuiwa inaweza kuchukua siku kadhaa au zaidi kuachiwa, na wewe uko uwanja wa ndege huna hata nauli ya teksi. Uliza kama unaweza kuweka dhamana taslimu mapokezi. Kampuni nyingi zinaruhusu.

Simu iweke kwenye hali ya ndege mara meli inapong'oa nanga. Meli ina mtandao wake wa setilaiti, simu yako inaudaka yenyewe, na gharama zake hazina uhusiano wowote na vifurushi tulivyozoea. Beba na adapta: plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi za Kimarekani au za Ulaya. Pasi na birika la umeme acha nyumbani, vitachukuliwa mlangoni kwa hofu ya moto.

Kuhusu kulevywa na bahari, aliyetapika kwenye boti ya Zanzibar asikate tamaa. Meli kubwa zina mapezi ya kutuliza mtikisiko, na wengi husahau kama wako majini. Ukijijua tumbo lako ni jepesi, chukua chumba cha katikati na sitaha za chini, mbali na tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya meli. Kile chenye baraza sitaha ya juu ndicho chenye mandhari, na ndicho kinachoyumba zaidi.

Chakula cha halali kipo kwenye meli nyingi ukikiomba mapema. Tunaandika ombi hilo siku ya kukata tiketi, maana kulidai mezani ukiwa na njaa ni kuchelewa. Anayeswali ajue kuwa meli inageuka, kibla cha adhuhuri si lazima kiwe cha alasiri. Angalia dira kila mara.

Siku ya kwanza utaitwa kwenye zoezi la usalama, uonyeshwe kituo chako na jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kuzama nusu mwaka 2012 pale kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 kufa, sheria iliwekwa zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Watalii wengine hunung'unika. Sisi tunaokumbuka MV Bukoba ya 1996 na Spice Islander ya 2011 hatuna haja ya kubembelezwa.

Bandarini, angalia saa. Meli haisubiri mtu aliyejitafutia matembezi yake. Matembezi yaliyouzwa na meli ndiyo husubiriwa. Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walichelewa kisiwani São Tomé, wakaachwa. Wakaikimbilia hadi Gambia, meli ikashindwa kuingia kwa sababu ya maji kupwa, ikabidi waifuate Dakar, Senegali. Umbali nao unadanganya: bandari inayotangazwa kama “Roma” ni Civitavecchia, kilomita 70 hivi kutoka mjini, karibu saa nzima kwa treni. Kwenda na kurudi, toa muda huo kwanza, ndipo upange utaona nini.

Ukija kwetu, njoo na pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na tarehe mbili mbadala. Kusoma ratiba na kukupigia hesabu kamili hatutozi. Ada yetu inaanza pale unapotuagiza tuandae maombi ya viza, na ubalozi ukikataa, ada ya ubalozi hairudi. Hilo tunakuandikia kwenye risiti.