Spea za moto za pikipiki za zamani ziuzwe kwa namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumze na wauzaji wa spea za pikipiki, pamoja na waagizaji wanaowaletea mzigo, kuhusu jambo ambalo sisi tunaofufua pikipiki za zamani hukumbana nalo kila tunapoingia dukani. Spea za mfumo wa moto, yaani zile zinazotoa cheche ya kuwasha injini, zinauzwa kwa kutazama sura na kukisia, ilhali kila moja ina namba yake ambayo ingemaliza ubishi wote pale pale kaunta.

Pikipiki ninayoifufua ni Honda C70 ya volti 6, ile yenye injini iliyolala ya ujazo wa cc 72. Ni ya ukoo wa Super Cub, ambao Honda ilianza kuutengeneza Japani mwaka 1958 na ambao kufikia mwaka 2017 ulikuwa umetimiza pikipiki milioni 100, kwa hiyo hatuzungumzii chombo cha ajabu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wachache. Spea zake bado zinatengenezwa, hasa katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki ambako pikipiki hizi zingali zinapendwa. Kazi iko katika kuipata spea iliyo sahihi, maana katika mfumo wa moto spea inayofanana tu na ile sahihi haisaidii chochote.

Katika C70 za volti 6, moto wa plagi hautegemei betri. Magneti, yaani gurudumu lenye sumaku linalozungushwa na injini, inapozunguka, koili ya waya iliyo ndani yake huzalisha umeme; kisha kontakti pointi, yaani vile visahani viwili vinavyogusana na kuachana, hufunguka kwa wakati maalumu na umeme huo ukaenda kwenye koili ya nje, ambayo huukuza mpaka uweze kuruka kwenye plagi. Pembeni ya pointi kuna kondensa, kikopo cha bati kidogo kuliko kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuzuia cheche zisiruke kwenye pointi zenyewe. Kondensa ikichoka, ukichungulia kwenye tundu la magneti mahali penye giza huku injini ikiunguruma, utaziona cheche zikimeta kwenye pointi, na baada ya muda nyuso zake huwa nyeusi na zenye vishimo. Kondensa iliyochoka, au koili iliyochoka, inaweza kukubali asubuhi injini ikiwa ya baridi na kugoma kabisa ikishapata joto, na hapo ndipo fundi anapoanza kufungua kabureta isiyo na kosa lolote.

Sasa tuingie dukani. Ukiomba koili ya Honda ya zamani, unapewa koili yoyote yenye sehemu mbili za kufungia na waya mmoja mnene. Koili iliyosukwa kwa ajili ya mfumo wa betri ya volti 12 hailingani na ile inayolishwa na magneti, hata kama matundu ya bolti yanakaa sawasawa. Ukiifunga, huenda ukaona cheche plagi ikiwa nje mkononi, lakini plagi ikirudishwa ndani ya silinda, cheche hiyo dhaifu hushindwa kuruka kwenye hewa iliyoshindiliwa, na unabaki kupiga kiki bila mafanikio. Nimemwona kijana dukani akiweka kondensa mbili kwenye kiganja, akazilinganisha urefu, kisha akanipa ile iliyokaribiana zaidi na ya kwangu. Alifanya hivyo kwa nia njema, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza.

Kwa wenye pikipiki zilizofuata, zenye CDI, yaani kisanduku cha kielektroniki cha kutoa moto, badala ya pointi, hali ni ngumu zaidi, kwani boksi la CDI limezibwa na halionyeshi kilichomo. Ziko CDI zinazolishwa na koili maalumu ndani ya magneti, na ziko zinazolishwa na betri. Soketi zinaweza kuingiana vizuri kabisa, lakini ukifunga moja mahali pa nyingine hupati moto. Nayo maduka mengi hayapokei tena spea ya umeme ikishafungwa. Siwalaumu kwa desturi hiyo, kwa sababu spea ya umeme inaweza kuunguzwa na mteja kisha ikarudishwa kama mpya, lakini desturi hiyo inamlazimu muuzaji kuwa na uhakika wa anachokitoa.

Uhakika huo uko kwenye namba. Namba ya spea ya Honda huwa na mafungu. Tarakimu tano za kwanza hueleza aina ya spea: 30500 ni koili ya nje, 30202 ni pointi, 30700 ni kofia ya plagi, 31110 ni magneti. Tarakimu tatu zinazofuata huonyesha modeli ambayo spea hiyo ilibuniwa kwa ajili yake kwanza. Jambo hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa spea moja ilitumika kwenye modeli kadhaa, na muuzaji anayesema kwa moyo mweupe kwamba ya C70 hana, huenda anayo kwenye rafu ya nyuma ndani ya mfuko wenye jina la pikipiki nyingine. Plagi nayo ni hivyo hivyo. Kwenye plagi ya NGK aina ya C7HSA, herufi C ni uzi wa milimita 10, na tarakimu 7 ni kiwango cha joto, ambapo namba ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi, yaani hupoteza joto haraka zaidi. Plagi inayoanza na herufi D ina uzi wa milimita 12 na haiwezi kuingia kwenye kichwa cha silinda cha C70.

Tatizo ni kwamba mzigo unapofika, katoni hufunguliwa, vifungashio vyenye namba hutupwa, na spea humwagwa kwenye kopo moja. Ninawaomba wauzaji waziache spea za moto ndani ya mifuko yake. Ninawaomba waagizaji waandike juu ya kila mfuko namba ya spea, volti zake, na kama ni CDI, waeleze inalishwa na magneti au betri. Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani, ambazo tayari zinahusika na ubora wa bidhaa na bidhaa bandia, zingetusaidia sana kama zingelisisitiza hilo kwa spea za pikipiki.

Wapo wanaotushauri tuachane na shida hii na kufunga injini mpya ya Kichina. Kwa anayetafuta usafiri tu, ushauri huo una maana, ingawa akumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Kwa anayetaka pikipiki ya mzee wake iwake tena kama ilivyokuwa, hilo si jibu. Pointi zilizo sahihi, zikiwekwa nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 na zikaanza kufunguka pale alama ya F kwenye magneti inapokutana na alama ya kwenye injini, huiwasha C70 kwa kiki nyepesi.

Mwisho nina ombi kwa mafundi wastaafu. Wengi wenu mna vitabu vya spea vya miaka ya 1970 na 1980, vyenye michoro na namba zote, na huenda vimekaa kabatini na risiti za zamani. Muuzaji mmoja mzee hapa Tanga ana daftari la mistari alilonakili namba hizo kwa penseli, na wateja wake hawarudishi spea. Tafadhali vitoleeni vitabu hivyo nakala, na nakala moja mkaiache kwenye duka la spea lililo karibu nanyi.

Wako msomaji,
Tanga