Poda ipo, kifuniko hakifunguki

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa urembo nausoma kila wiki, na kwa kazi yangu ya kupamba maharusi hapa Tanga umenifaa mara nyingi. Mmekwisha kutueleza rangi ya mdomo inayodumu kutwa, poda inayostahimili joto la pwani, na namna ya kulinganisha faundesheni na ngozi zetu. Lakini hata mara moja sijasoma humo kwamba kopo fulani hufunguka kwa urahisi na jingine halifunguki. Naomba nafasi niliseme hilo, kwa sababu kwangu ndilo jambo la kwanza siku hizi, kabla hata ya rangi.

Nimepamba maharusi kwa miaka ishirini na mbili. Sita ya mwisho nimeipamba nikiwa na baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo vya mwili wenyewe. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na hupenda kuanzia kwenye vifundo vidogo vya vidole na vya mkono. Asubuhi vidole vyangu huamka vimekakamaa, na huchukua saa nzima au zaidi kulegea. Ndoa ikiwa ya saa nne, bibi harusi huanza kupambwa alfajiri, yaani saa ile ile ambayo mikono yangu bado haijawa yangu.

Kuna asubuhi moja sitaisahau. Mwari ameketi, ameshapakwa hina, ndugu zake wamejaa chumbani, nami nimeshika chupa mpya ya faundesheni yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, laini kama kioo. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya kumlainisha uso. Nikazungusha, kikateleza. Nikakishika kwa ncha ya kanga, kikateleza. Mwisho nikakitia menoni, mbele za watu. Somo yake bibi harusi, mama mtu mzima aliyenizidi miaka mingi, akaniondolea chupa mkononi kwa upole, akasema, "Lete mwanangu, nikufungulie." Akaifungua. Nilimshukuru, nikaendelea na kazi, na bibi harusi alitoka amependeza. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuvitazama vifungashio kwa jicho jingine.

Chukua kifuniko kidogo chenye upana wa shilingi. Kukifungua unahitaji kukibana kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, kisha, bila kulegeza, uzungushe kifundo cha mkono. Ni kazi mbili kwa pamoja, na zote mbili ndizo zinazouma. Kifuniko kipana kinachojaa kiganjani hugawanya kazi hiyo kwenye mkono mzima, na kwa kuwa unakizungusha mbali na kitovu chake, nguvu ndogo inatosha. Kikiwa na vijituta pembeni, au kikiwa na pembe badala ya mviringo mtupu, hakitelezi. Kikifunguka kwa nusu mzunguko badala ya mitatu, ni heri zaidi. Haya yote mtengenezaji huyaamua siku anapochagua umbo la kopo, na kopo ni lazima liwe na umbo fulani.

Kompakti ya poda ina kiulimi kidogo cha kufungulia ambacho hutaka ukucha mgumu, na ukishafungua kwa nguvu inaruka, poda inavunjika sakafuni. Fimbo ya maskara na ya wanja wa maji ni nyembamba kama njiti, wakati mkono usiokunja vizuri unahitaji kitu kinene. Penseli ya wanja inataka kuchongwa. Pampu ya losheni ni rafiki mkubwa, kwa maana unaibonyeza hata kwa ngumi au kwa kiwiko, ila ikitoka dukani imefungwa kwa kuzungushwa, na mzunguko huo wa kwanza ndio unaonishinda. Halafu kuna vipakiti vidogo, vya hina, vya shampuu, vya krimu ya kutumia mara moja. Hivi ndivyo vinavyonunuliwa na wengi wetu kwa sababu bei yake ni ndogo. Mkato wa kuchania huwa ni wa alama tu, hauchaniki, na mtu anaishia kutumia meno na kumeza shampuu.

Sisemi haya kwa ajili ya baridi yabisi peke yake. Marehemu mama yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Akili yake ilibaki nzima, na kupenda kwake kujipamba kulibaki vile vile. Wanja wa manga alikuwa anapaka tangu usichana wake. Kile kichupa na kijiti chake kinataka mikono miwili: mmoja ushike chini, mwingine uzungushe juu. Alikuwa anakibana kati ya magoti, na mara nyingi kilimmwagikia kwenye kanga. Siku moja ya Idi aliniomba nimpake, nami nikampaka, na jamaa mmoja aliyekuja kutusalimu akasema mgonjwa na wanja ni wapi na wapi. Mama alisikia. Hakusema neno, ila hakuniomba tena mpaka nilipomwomba mimi.

Jibu la haraka watu hutoa ni kwamba mwenye shida ya mikono afunguliwe na watoto. Wananifungulia, Mungu awabariki. Lakini wakienda shule ninabaki na makopo yaliyofungwa, au ninayaacha wazi usiku kucha ili kesho nisihangaike. Maskara iliyoachwa wazi hukauka na kuingia uchafu, na uchafu huo unakwenda machoni. Na kuna jambo jingine ambalo mtu mwenye vidole vizima halifikirii: kujipodoa ni katika mambo machache mtu mzima huyafanya peke yake mbele ya kioo, kwa wakati wake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nchi nyingine wameanza. Nchini Marekani kuna mpambaji mwenzetu, Terri Bryant, aliyepata ugonjwa wa Parkinson, mikono ikawa haitulii. Akaanzisha kampuni ya Guide Beauty, na vifaa vyake ameviunda ili mkono upate mahali pa kushikia na pa kuegemea wakati wa kupaka wanja. Mwigizaji Selma Blair, ambaye naye anaishi na maradhi ya mishipa ya fahamu, alijiunga naye mwaka 2022. Selena Gomez, mwimbaji mwenye maradhi ya lupasi, alianzisha Rare Beauty mwaka 2020, na vifuniko vyake vingi vina kichwa kama mpira mdogo, kinachokamatika. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kampuni ya L'Oréal ilionyesha huko Las Vegas kifaa kiitwacho HAPTA, chenye mota ndani, kinachoituliza rangi ya mdomo wakati mkono unatetemeka. Nakipongeza, na kwa mtu mwenye mtetemeko mkali kinaweza kuwa ukombozi. Ila mimi siombi mota wala betri. Naomba kifuniko.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki kwenye vipodozi, unatoka jikoni. Mzee Sam Farber alimwona mkewe, Betsey, akipata taabu kumenya kwa sababu ya ugonjwa wa viungo. Mwaka 1990 kampuni yake ya OXO ikatoa kisu cha kumenyea chenye mpini mnene wa mpira laini. Kikanunuliwa na watu wa kila aina, wengi wao wakiwa na mikono mizima kabisa, kwa kuwa kinashikika vizuri. Mfanyabiashara anayeogopa kwamba kopo rahisi litakuwa kopo la wagonjwa na auangalie mpini ule.

Sasa nije nyumbani. Tuna wajasiriamali wengi wanaotengeneza mafuta ya nazi, krimu za mwani, losheni na sabuni, wengine wamefundwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Wengi hununua makopo matupu tayari, kwa dazeni. Pale kwenye rundo la makopo ndipo uamuzi unapofanyika, na mara nyingi kopo lenye kifuniko kipana cha vijituta liko jirani na lile la kifuniko laini. Nawaomba kabla hawajanunua walifungue kwa mkono mmoja, tena mkono wa kushoto, huku umepakwa mafuta. Ni jaribio la dakika moja.

Kuhusu TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya shirika hilo, na tunashukuru kwa msimamo wake dhidi ya zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kujichubulia zinazoharibu ngozi za dada zetu. Kinachokuwa ndani ya kopo kinaangaliwa. Kopo lenyewe nalo liangaliwe. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa mwaka 2015 kiwango namba 17480 kinachohusu vifungashio vinavyofunguka kwa urahisi, kwa hiyo pa kuanzia papo. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unapozungumzia usanifu unaomfaa kila mtu hutaja na bidhaa pia, haukomei kwenye ngazi na milango ya majengo.

Najua pingamizi mbili zenye haki. Ya kwanza ni watoto. Dawa za kunyoosha nywele na asetoni ya kutolea rangi ya kucha zibaki na vifuniko vigumu, sitabishana hapo, maana zina madhara. Poda na rangi ya mdomo hazina sababu hiyo. Ya pili ni ile nailoni inayobanwa kuzunguka kifuniko. Kwetu ina maana kubwa, kwa kuwa bidhaa bandia zimejaa na mnunuzi anataka uhakika kwamba kopo halijafunguliwa. Ibaki, lakini iachiwe ulimi wa kuvutia, mrefu kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili visivyo na nguvu. Na wenye maduka waweke kopo moja la kila aina kwa ajili ya mteja kujaribu kulifungua. Sasa hivi nalipa kwanza, ndipo najua kama kitu ni changu au ni cha pambo la meza.

Wenzangu wenye mikono kama yangu, mimi nakata pete za tyubu kuukuu ya baiskeli na kuzivisha kila kifuniko, mpira una mshiko mzuri. Vijiti vya brashi nimevivingirishia sponji ya godoro na kuifunga kwa uzi, vimekuwa vinene kama mahindi machanga, na kazi inakwenda.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkiandika tena juu ya rangi ya mdomo au poda mpya, mpeni kwanza mtu mwenye vidole vibovu aifungue, na mwandike ilimchukua muda gani. Nyumbani nina kapu la makopo matupu zaidi ya arobaini niliyoyahifadhi, yaliyo mazuri nimeyafunga utepe mweupe na yaliyonishinda utepe mwekundu. Mtengenezaji yeyote wa Tanga akitaka kuja kuyajaribu, aje baada ya saa tatu asubuhi, vidole vikishalegea.

Wako,
Mpambaji wa maharusi,
Tanga