Mizani ibaki kwa mwenye barabara, faini iamuliwe kwingine

Ndugu Mhariri,

Pale Uyole, malori yanapopumzika kabla ya kuianza safari ya Dar es Salaam, hakuna hoja inayopata wasemaji wengi kama mizani ya kupimia malori barabarani. Siku hizi wimbo ni mmoja: TANROADS, wakala wa barabara kuu wanaoendesha mizani hiyo, wanyang'anywe, wapewe polisi. Mwingine atasema wapewe LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri ardhini, kwa kuwa ndio wanaotoa leseni za usafirishaji. Kijana mmoja alikwenda mbali zaidi, akataka lipewe jeshi. Nimeendesha semi, lori la kichwa na tela, miaka 22, nikaacha magoti yalipoikataa klachi, na leo nina gari moja tu linaloendeshwa na mpwa wangu. Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wenzangu hao, maana kijiweni hatusikilizani.

Watu wanasema "mizani" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe pale kituoni kuna kazi tatu zilizofungwa kamba moja. Ya kwanza ni kupima: ekseli ya mbele, yaani mhimili unaobeba magurudumu, isizidi tani 8, ekseli mbili za kichwa kwa pamoja tani 18, tatu za tela tani 24, jumla tani 50 kwa semi ya kawaida, na gari lenye ekseli nyingi zaidi lisivuke tani 56. Hiyo ni hesabu ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo sisi tulianza kuitumia 2019. Ya pili ni kuamua: huyu kazidisha, alipe kiasi gani, apakue au aupange upya mzigo wake. Ya tatu ni kupokea pesa.

Hii ya tatu imeshahama, na imehama kimya kimya. Zamani noti zilipita dirishani. Leo unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa benki au kwa simu, na fedha inaingia serikalini bila kugusa kiganja cha mtu. Hakuna aliyevuliwa sare kwa ajili hiyo.

Kupima kubaki kwa mwenye barabara. Ekseli inayotakiwa kubeba tani 10 ikibebeshwa 12, mtu ataona imezidi kidogo tu, sehemu moja ya tano. Lami haihesabu hivyo. Tangu yale majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, wahandisi hukadiria kwamba madhara hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito, yaani ukizidi mara 1.2, madhara ni 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2. Piga hesabu mwenyewe: hizo tani 2 za ziada zinayafanya madhara yawe mara mbili. Anayeijua hesabu hiyo kwa uchungu ni yule ambaye mwakani ataomba fedha za kuziba mashimo. Trafiki ana ajali, ana bodaboda, ana misafara ya viongozi. Lami iliyobonyea haimo kwenye daftari lake. Isitoshe, kati ya Tunduma na Chalinze dereva anasimamishwa mara ngapi tayari? Mwenye kibao cha kusimamisha akipewa na mizani mkononi, sijui tutafika saa ngapi.

Wanaodhani kwamba yote ni makosa ya taasisi wakumbuke Oktoba 2013. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliufuta msamaha wa asilimia 5 ambao magari yaliyozidisha kidogo yalikuwa yakipewa. Wenye malori wakagoma, magari yakalala barabarani, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na msamaha ukarudi. Nilikuwa kwenye foleni ile. Tulipika ugali chini ya tela, na habari ilipofika nilishangilia kama wengine, sitadanganya. Lakini tazama: mizani zilikuwa zile zile, wapimaji wale wale, taasisi ile ile. Kilichogeuka ni kauli ya wakubwa. Hata kama vituo vingekuwa chini ya polisi, siku zile zingekwenda vivyo hivyo.

Kinachotuumiza sisi ni ile kazi ya pili. Mwaka mmoja nilipakia mchele kwenye ghala moja ambalo silitaji. Vijana wa kupakia walirundika magunia nyuma, wakaacha uwazi mbele, na mimi kwa uchovu sikupanda kukagua. Mizani ya kwanza nilipita safi. Tukateremka mlima Kitonga, breki, kona, breki, magunia ya juu yakamwagikia kwenye ule uwazi. Mizani iliyofuata jumla ilikuwa ile ile, ila ekseli za kichwa zilikuwa zimezidi. Mpimaji hakukosea, na karatasi aliyonipa ilikuwa ya kweli tupu. Faini ikalipwa, tajiri akanikata mshahara miezi miwili, na lile ghala likaendelea kupakia vile vile. Aliyepakia hakuulizwa hata jina.

Hapo ndipo panapotaka kuhamishwa. Aliyejenga barabara, anayeitunza, anayekupima na anayekuandikia deni wakiwa nyumba moja, hata akitenda haki utamshuku, naye hana njia ya kukutoa shaka. Lakini Mungu atuepushe na wakala mwingine mpya wenye mkurugenzi, bodi na magari ya kifahari. Yule aliyeitaja LATRA kijiweni alikuwa nusu sahihi. Kuendesha mizani wasipewe, hawana barabara ya kuilinda. Wapewe uamuzi: TANROADS ipime na kupeleka karatasi, LATRA iisome, imsikilize dereva, imwite mwenye gari na mwenye ghala. Mwenye leseni akizidisha leo, akazidisha mwezi ujao, leseni yenyewe iwe shakani. Tajiri ataogopa hilo kuliko faini, kwa sababu faini ana wa kumkata.

Wala si jambo geni duniani. Mwanangu wa pili anaendesha lori Florida, na ndiye aliyenieleza. Huko mwaka 2011 jimbo liliwahamisha askari wa ukaguzi wa malori kutoka Idara ya Uchukuzi, likawapeleka kwa polisi wa barabara kuu wa jimbo. Ukisikia juu juu utasema basi, wao walitoa mizani wakawapa polisi. Hapana. Wakaguzi wa uzito, raia wasio na bunduki, walibaki vituoni chini ya Idara ya Uchukuzi. Kilichohama ni askari. Walizitenganisha kazi kwanza, ndipo wakahamisha.

Kuna jingine ambalo kijiweni halitajwi, labda kwa kuwa linatugusa. Mzigo uliozidi hauzaliwi kwenye mizani ya Vigwaza wala ya Makambako. Unazaliwa shambani na msituni, kwenye barabara za TARURA, taasisi iliyoanzishwa 2017 na kukabidhiwa barabara za vijijini na mijini. Mbao mbichi za Mufindi na mpunga wa Mbarali hupita kwanza kwenye vumbi na makalvati madogo kabla ya kuiona lami. Na anayejua amezidisha ndiye huyo huyo anayetafuta njia ya panya usiku ili aikwepe mizani, akarudi kuyavunja makalvati yale yale. Tukibishana nani akae kwenye mizani ya barabara kuu huku hakuna anayepima pale mzigo unapopakiwa, dereva ataendelea kuujua uzito wake akiwa ameshatembea kilomita 200. Maghala makubwa na viwanda vyenye mizani zao walazimishwe kutoa karatasi ya uzito wa kila ekseli pamoja na hati ya mzigo. Gari likikutwa limezidi, karatasi hiyo itasema lilizidia wapi.

La mwisho ni dogo na halihitaji waziri. Wakala wa Vipimo ndio wanaohakiki mizani nchini, kuanzia ya muuza nyama hadi ya malori. Buchani stika yao naiona ninaponunua utumbo. Kwenye mizani ya malori nayo ibandikwe mahali ambapo dereva ataisoma akiwa ndani ya gari, pamoja na tarehe ya uhakiki. Na kioo cha namba kitazame upande wa dereva, kila kituo, ili tusome wote wawili kwa wakati mmoja, mimi na anayenipima.

Mpwa wangu anapakia mpunga Igurusi kesho alfajiri. Nimemwambia apande juu mwenyewe, akague mbele kama pamejaa, kisha ndipo afunge turubai.

Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya