Kwa wastaafu wenzangu, kuhusu kiti cha mbele

Ndugu zangu mliotimiza miaka 60 mkakabidhi ofisi,

Bwana Yesu asifiwe. Mnisamehe, naandika nikiwa na hasira. Jumamosi iliyopita, kwenye harusi hapa Bukoba, mstaafu mwenzetu alimfokea kijana wa mapokezi mbele ya watu kwa kosa la kumpeleka safu ya nne. "Unanijua mimi ni nani?" Kijana hakumjua. Angemjuaje? Mwenzetu alipoaga ofisini, yule alikuwa darasa la tatu. Basi bibi mmoja akainuliwa na mkongojo wake, mkubwa akaketi. Mshereheshaji alipowataja wageni akamwita "Mzee" tu, bila cheo. Pilau hakuigusa.

Simcheki. Ugonjwa huo nimeuugua.

Nilipostaafu uafisa elimu niliendelea kuvaa suti kila Jumatatu, nikipita ofisini eti kuwasalimu vijana. Mara ya kwanza walisimama, chai ikaja. Mara ya pili chai ilikuja, wao wamekaa. Mara ya tatu nilikalishwa kwenye benchi pamoja na walimu waliokuja kufuatilia uhamisho, na katibu muhtasi, niliyempokea kazini mwenyewe, akaniuliza, "Mzee, una shida gani?" Nikajibu sina shida. Ndugu zangu, nilikuwa nayo kubwa.

Aliyenitibu ni katibu wa jumuiya yetu, mama anayeuza dagaa. Mwaka huohuo palitokea msiba mtaani. Nikafika, nikasimama pembeni nikingoja kuonyeshwa kiti. Mama yule akaja. "Shikamoo baba. Jikoni maji yamekwisha, ndoo zile pale." Niligeuka nyuma nikidhani anasema na mtu mwingine. Nikachota, safari tatu, na viatu vyangu vya ngozi kwenye matope. Ya tatu alinipokea ndoo mzee mmoja tuliyechunga naye mbuzi utotoni, akaniita kwa jina la utani la siku zile. Miaka yote niliyokuwa bosi hakuthubutu kulitamka. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu niondoke kazini.

Sasa rudini Luka 14. Yesu amealikwa chakula kwa mkuu mmoja wa Mafarisayo, anawatazama wageni wanavyogombea viti vya mbele, anawaambia habari za harusi na aibu ya kuambiwa umpishe mwenzako. Tunaisoma kama habari za Mafarisayo. Ni habari zetu. Naye anayesema ndiye yule ambaye Wafilipi 2 inasema alitwaa namna ya mtumwa. Hakuvuliwa enzi kwa barua ya kustaafishwa kama sisi. Alijivua mwenyewe.

Tena sisi watu wa Kagera hatuna udhuru. Uamsho wa kiroho uliotoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 ulifika mpaka vijijini kwetu. Simeoni Nsibambi wa Kampala aliacha kazi ya serikali katika idara ya afya, kazi ambayo Mwafrika wa wakati ule aliiota tu, akawa mhubiri. Wazee wetu waliookoka waliitana ndugu, mchungaji na mpishi wake, wakitubu dhambi zao mmoja mbele ya mwingine. Mpishi akikusikia ukitubu wizi, kesho utamwulizaje, "Unanijua mimi ni nani?"

Na mkitaka mfano wa siasa, mnaukumbuka. Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akaenda kukijenga chama chake, TANU. Mwaka 1985 aliuacha na urais, akarudi Butiama kulima. Sisi tuliokariri ahadi za mwana-TANU tulisema kwa sauti, "Cheo ni dhamana." Dhamana hurudishwa, wenzangu. Mbona mnaondoka nayo nyumbani?

Lakini nisiwaonee ninyi peke yenu, kwani kanisa lenyewe linatuharibu. Nani aliweka viti vya kitambaa cheupe mbele na mabenchi nyuma? Nani anasoma majina ya watoa laki kwenye harambee, kisha anasema "na wengineo" kwa mjane aliyetoa mia tano? Yakobo alilikemea jambo hili hili, mwenye pete ya dhahabu kuambiwa keti hapa pazuri, na maskini simama pale. Na baadhi ya wachungaji wetu wasipotajiwa cheo kirefu hawaitikii. Mathayo 23 inasema "nanyi nyote ni ndugu," na hao ndio wanaotusomea.

Mengine nayataja tu. Mke wako si katibu muhtasi wako. Usikope kwa ajili ya gari la kuonekana. Usimpigie simu mrithi wako kumfundisha kazi. Asiyekuamkia, msalimie wewe. Na ile picha ya wewe na waziri, iondoe sebuleni, au angalau ihamishie chumbani.

Jumamosi ijayo tunafyeka uwanja wa kanisa, saa moja asubuhi. Njooni na panga na kandambili. Anayegawa kazi ni mama katibu, na akinipeleka kusafisha choo msinitetee.

Ndugu yenu,
mzee wa kanisa, Bukoba