Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa mchezo wa wakili Darrow

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, salaam.

Mengi ya mwaka huu mnayajua. Tulikutana mara 4, tukafanya pikiniki ya Julai, tukachangia msiba wa mwenzetu, na darasa la Kiswahili la watoto likaendelea kila Jumamosi. Nawashukuru wote waliohusika. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililozua maneno, yaani mchezo wetu wa kuigiza wa Machi kuhusu Clarence Darrow, wakili maarufu wa utetezi wa hapa Chicago.

Lalamiko la kwanza nililisikia kabla hata ya tiketi kuuzwa: chama kina watu 64, kwa nini jukwaani asimame mmoja? Naomba tukumbushane. Mwaka juzi tulichagua mchezo wa wahusika 14. Wiki ya mwisho ya mazoezi walifika 6, tukauahirisha, na malipo ya awali ya ukumbi yakapotea. Ndipo nilipopendekeza kwa kamati mchezo wa mtu mmoja. Uamuzi huo ni wangu na siukwepi. Mwigizaji Henry Fonda alimwigiza wakili huyu huyu peke yake Broadway, New York, mwaka 1974, katika mchezo wa David W. Rintels, kwa hiyo sikubuni kitu ili kuwanyima watu nafasi. Mswada wetu tuliuandika wenyewe, mimi na katibu, miezi 7, usiku baada ya kazi.

La pili, kwamba mwigizaji ni shemeji yangu. Ni kweli. Nafasi ilitangazwa katika mikutano miwili, wakajitokeza wawili, na mmoja akahamia Texas. Shemeji alikariri kurasa 38 ndani ya basi akitoka zamu ya usiku ghalani, na hakulipwa hata senti.

La tatu ni zito zaidi. Baadhi ya waumini waliuliza kwa nini tumpe jukwaa mtu ambaye hakuwa na dini, aliyembana William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyeitetea Biblia, kwa maswali mahakamani kule Dayton, Tennessee, mwaka 1925. Nawaheshimu, na wawili niliwafuata hadi nyumbani kwao tukazungumza. Nilichokataa ni kuiondoa kesi ile. Mwalimu Scopes, aliyetetewa na Darrow kwa shtaka la kufundisha kwamba binadamu alitokana na wanyama, alitiwa hatiani akatozwa faini ya dola 100, nasi tulionyesha hivyo hivyo.

Wala Dayton siyo iliyonifanya nimchague Darrow. Ni Detroit. Septemba mwaka huo huo Dk. Ossian Sweet, daktari Mweusi, alihamia nyumba aliyoinunua katika mtaa wa Wazungu. Umati ukaizingira, mawe yakavunja madirisha, risasi zikatoka ndani na Mzungu mmoja akafa. Watu 11 wakashtakiwa kwa mauaji. Darrow aliwatetea mbele ya juri, yaani raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, Wazungu watupu. Mara ya kwanza juri haikuafikiana. Mara ya pili, Mei 1926, Henry, mdogo wake daktari, akaachiwa huru. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa nyumba imeshachukuliwa, na wiki inayofuata akakuta tangazo bado lipo?

Waliofika waliona viti 12 vya kukunja jukwaani, ndiyo juri. Katika kesi ya Leopold na Loeb, vijana wawili waliomuua mvulana, 1924, hapa hapa Chicago, Darrow aliwashauri vijana wale wakiri kosa, hivyo hapakuwa na juri. Alimwomba jaji peke yake asiwanyonge, wakapewa kifungo cha maisha na miaka 99 juu yake. Shemeji alipofika sehemu hiyo akavigeuza viti vyote migongo, kimoja kimoja, kimya, tukisikia vyuma vikigonga mbao. Ilipofika zamu ya Sweet akavirudisha. Mama mmoja wa Kikongo, safu ya pili, alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, na mchezo ulipokwisha hakuinuka mpaka taa zilipoanza kuzimwa. Wazo la kuvigeuza viti ni langu. Nalisema kwa sababu kuna anayepewa sifa hiyo na hakuwepo kwenye mazoezi.

Ukumbi una viti 180. Tiketi zilinunuliwa 71, na kati ya hao wanachama ni 17. Iliniuma sana. Theluji ilikuwepo, lakini waliotoka Milwaukee walifika. Hata siku tuliyokwenda Jackson Park, kwenye ziwa dogo ambako majivu ya Darrow yalimwagwa mwaka 1938, tulikuwa watu 9.

Hesabu ni hizi. Tulianza na dola 1,120. Ada ni dola 60 na waliolipa ni 23, yaani 1,380, tiketi 1,065. Mchezo ulitumia 1,935, msiba 700, pikiniki 380. Zimebaki 550. Petroli na kukodi viti nililipa mfukoni mwangu na sikudai. Wanachama 41 hawajalipa, wakiwemo waliopaza sauti zaidi kuhusu matumizi.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, mchezo wenye wahusika wengi, pengine na safari ya kuuonyesha Detroit. Tarehe zitatangazwa. Ada haijabadilika, na leo mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti