Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ziara ya Mombasa, Gedi, Malindi na Marafa

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zetu na vijana mliojiunga mwaka huu: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya rambirambi na ada yamo kwenye taarifa ya katibu mliyogawiwa mlangoni. Mimi nitazungumzia ziara, kwa kuwa ndiyo iliyokula fedha nyingi za chama mwaka huu, na ndiyo iliyozua maneno mengi barazani. Neno kubwa lilikuwa hili: kwa nini tulipe waongoza watalii kila mji, ilhali sisi ni watu wa Tanga, wana wa pwani, na mapango ya Amboni tunayo mlangoni? Nitalijibu kwa yale tuliyoyaona.

Mpaka wa Horohoro na Lungalunga haukutusumbua. Waliotusumbua ni wale waliongoja hadi siku za mwisho kutafuta hati za kusafiria. Kamati imeshalijadili hilo na safari ijayo asiye na hati mkononi hatakatiwa nafasi. Feri ya Likoni nayo ilitupitisha salama, ingawa bibi mmoja alifumba macho tangu ng'ambo hii hadi ile.

Fort Jesus, ngome ya Mombasa, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Hayo yako vitabuni, hayahitaji mwongozaji. Lakini mama wa Mji wa Kale aliyetuongoza hakutuingiza ndani kwanza. Alituzungusha nje, handakini, akatuambia tutafute mahali jabali linapoishia na ukuta unapoanzia. Tulihangaika. Sehemu ya chini ya ngome si ukuta wa kujengwa, ni mwamba wenyewe wa matumbawe uliochongwa ukasimama wima, na juu yake ndipo mawe yakapangwa kwa chokaa. Chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Kuanzia hapo tuliacha kuhesabu mizinga, tukawa tunaangalia jiwe.

Ndani alitusimulia jinsi ngome ilivyozingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Waomani wakiwa nje na njaa na maradhi vikiwa ndani. Wengi wetu tulisoma shuleni kwamba hivyo vilikuwa vita vya Wareno na Waarabu tu. Yeye alimtaja Bwana Daud wa Faza, mji ulioko kisiwa cha Pate, Mswahili aliyebaki ngomeni na watu wake wakiilinda, askari wengi wa Kireno wakiwa wamekwisha kufa. Mjadala ulioanzia pale, kwamba huyu alikuwa shujaa au kibaraka, uliendelea ndani ya basi hadi tukavuka daraja la Kilifi, na sikusikia mtu akiulizia redio. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na vyumba vya wafungwa mzee wetu mmoja alikataa kabisa kuviingia. Hatukumlazimisha.

Basi tulilokodi lilikuwa zuri kwa nje tu. Kiyoyozi kilikufa siku ya kwanza, na tumeandika barua ya kudai.

Gedi ndipo nilipotamani tulale. Mji mzima wa mawe umo ndani ya msitu: msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba, makaburi, na mibuyu iliyoota ilipotaka. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka wa Hijria inayolingana na 1399. Mji ulihamwa karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Walioufukua kuanzia 1948, wakiongozwa na James Kirkman, walikuta vyombo vya Kichina na shanga za Venice. Kwa nini watu waliondoka? Mwongozaji hakutupa jibu moja la kuturidhisha. Alitaja uvamizi wa Wazimba, akataja wa Waoromo, kisha akatupeleka kisimani akatuambia tuchungulie: kisima kilichimbwa, kikaongezwa kina, watu wakiyafuata maji yaliyozidi kushuka. Fundi wetu wa visima, ambaye hana kawaida ya kusema sana, alieleza kwa muda mrefu jinsi maji matamu ya pwani yanavyoelea juu ya maji ya chumvi, na ukizidisha kuchimba unaipata bahari. Mwongozaji alitoa daftari akaandika.

Malindi tulipita haraka. Mnara wa Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika hapo Aprili 1498, ni mdogo kuliko picha zake. Mimi nilivutiwa zaidi na habari ya twiga ambaye ujumbe wa Malindi ulimpeleka China mwaka 1415, miaka mingi kabla ya Mreno kuonekana.

Kutoka Malindi tulikwenda bara hadi Marafa, bonde ambalo wenyeji huliita Nyari. Tuliambiwa tufike alasiri, jua likiwa limeshuka, na tulitii. Unatembea kwenye mashamba ya kawaida, kuku na mihogo, mara ardhi inakatika miguuni pako. Chini zimesimama nguzo na kuta za mchanga ulioshikamana, nyekundu juu, kisha rangi ya machungwa na ya waridi, na nyeupe kabisa chini. Ni mwamba laini. Ukiukwangua kwa ukucha unabaki na unga. Mvua inauchonga, na ukingo unaendelea kumeguka. Kiingilio hukusanywa na wanakijiji wenyewe, na kijana wa Kigiriama aliyetushusha alituonyesha pa kukanyaga na pa kutokanyaga. Bila yeye nisingethubutu kuwapeleka wazee.

Alitusimulia habari za matajiri wa hapo waliooga maziwa hali majirani wana njaa, Mungu akawadidimiza na nyumba zao. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Mwalimu wetu mstaafu wa jiografia hakuvumilia, akamwambia ni mmomonyoko wa mvua. Kijana akajibu, "Shikamoo mwalimu, mvua ndiyo iliyotumwa." Tulicheka hadi tukakaa chini.

Sasa kwa wale wanaosema fedha za waongozaji zilipotea: kiingilio cha wana Afrika Mashariki kilikuwa nafuu, chakula tulikula mahamri na mbaazi, na kama ni kupunguza gharama, napendekeza tupunguze vituo badala ya waongozaji. Mwaka ujao kamati inaleta hoja ya Iringa: nguzo za mwamba za Isimila na zana za mawe za watu wa kale, kisha Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Sehemu hizo mbili tu, na mwongozaji kila mahali. Wapo wanaotaka tuongeze Mbeya kwa kuwa "tumeshafika huko". Mimi napinga, ila uamuzi ni wa mkutano. Katibu ana karatasi za kura, na michango ya awamu ya kwanza itapokelewa baada ya chai.